Saa za Usukani

Watu wanaofika kituoni kuulizia mafunzo ya lori au foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, huwa na maswali mawili: kozi inachukua siku ngapi, na cheti kinatoka lini. Swali ambalo mimi ningeanza nalo, kama ningekuwa upande wao wa meza, huulizwa kwa nadra sana, nalo ni hili: katika siku hizo zote, nitakaa kwenye kiti cha dereva kwa muda gani? Mwanafunzi anaweza kuhudhuria kozi nzima, akasaini daftari kila asubuhi na akafaulu mtihani wa maandishi, ilhali muda aliopata kuendesha haufiki hata zamu moja ya kazi ghalani. Ndiyo maana, nikiulizwa msimamizi wa kituo hufanya nini hasa, hujibu kwamba analinda saa za usukani, kwa sababu tangu Jumatatu hadi Jumamosi hakukosekani jambo linalotaka kuzila.

Jambo la kwanza ni mashine zenyewe. Jumatatu huanzia uwanjani, kabla ya darasa, na ukaguzi wa asubuhi hufanywa na wanafunzi huku mkufunzi akiwafuata nyuma bila kuwatangulia kwa maneno. Kwenye foklifti, mwanafunzi huchuchumaa mbele ya uma (vyuma vya mbele vinavyobeba mzigo) na kutazama kisigino chake, yaani pale chuma kinapopinda kutoka wima kwenda mlalo, kwa kuwa hapo ndipo kinapoburuzwa sakafuni na ndipo kinapolika. Uma uliopungua unene kwa asilimia 10 mahali hapo huwa umepoteza takriban asilimia 20 ya uwezo wake, na haupelekwi kwa mchomeleaji ili urudi kazini. Huondolewa na kuwekwa mwingine. Baada ya hapo huja minyororo ya mlingoti (ile nguzo ya mbele ambayo uma hupandia na kushukia), ambayo hukaguliwa kwa macho na kwa kipimo, mlingoti ukiwa umetulia, na kamwe si kwa kupitisha vidole. Kisha mipira ya haidroli (mabomba ya mafuta yanayosukuma uma), matairi yaliyonyofoka vipande, honi, mkanda wa kiti, na kibao cha uwezo (kinachotaja uzito ambao mashine inaweza kubeba), ambacho katika mashine nyingi kuukuu huwa kimefutika kwa jua na matope kiasi cha kutosomeka. Kazi ambayo dereva mzoefu huimaliza kwa dakika 10 huwachukua wageni karibu saa nzima. Wapo wakufunzi wanaolalamika kwamba saa hiyo ingetumika kuendesha, lakini mimi huihesabu kuwa ya usukani, hata kama hakuna aliyeketi, kwa sababu kuikataa mashine mbovu ni sehemu ya kuiendesha.

Upande wa malori, ukaguzi ninaousimamia kwa ukali zaidi ni wa breki za upepo. Lori huegeshwa mahali tambarare, magurudumu huwekewa kabari, injini huachwa iungurume hadi mitungi ijae, kisha huzimwa. Breki ya maegesho huachiwa, na mwanafunzi hukanyaga pedali na kuishikilia kwa dakika moja akiwa ameukazia macho mshale wa kipimo. Kwa lori lenye tela, tukiona upepo umeshuka kwa zaidi ya 0.3 bari (bari ni kipimo cha msukumo wa upepo) katika dakika hiyo, tunaanza kutafuta unakovujia. Kisha hukanyaga na kuachia mara kwa mara ili upepo uishe taratibu, na kabla haujashuka chini ya takriban 4 bari ni lazima taa au kengele ya tahadhari imwambie. Wengi hushangaa kusikia kwamba, upepo ukiisha kabisa, lori haliachwi huru bali hufungwa, maana katika breki ya maegesho ni springi inayobana, na upepo kazi yake ni kuirudisha springi hiyo nyuma. Anayeelewa jambo hili haanzi kugongagonga giaboksi pale lori linapokataa kuondoka asubuhi. Hutazama kwanza kipimo cha upepo.

Betri za foklifti za umeme nazo zina ratiba yake, na ratiba hiyo haijali idadi ya wanafunzi walioandikishwa. Betri ya risasi na tindikali huhitaji takriban saa 8 za kuchaji na muda wa kutosha wa kupoa, wala haifai kuishusha chini ya asilimia 20 ya chaji yake. Kwa hiyo, mkufunzi akiipeleka mashine mbio tangu asubuhi bila hesabu, wanafunzi wa alasiri hubaki wakiikodolea macho. Maji yaliyotoneshwa huongezwa baada ya kuchaji, si kabla, kwa sababu tindikali hupanda wakati wa kuchaji na kumwagika kama seli zilikuwa zimejaa. Kifuniko huachwa wazi ili haidrojeni itoke, kwa kuwa gesi hiyo huweza kuwaka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa. Nimepiga marufuku mtu yeyote kuchomeka chaja kabla hajavaa miwani na glavu, na marufuku hiyo inanihusu mimi pia, ingawa huwa napita pale nikiwa na haraka za ofisini.

Darasani tunakaa muda mfupi kuliko watu wanavyotarajia, na sehemu kubwa ya muda huo naitoa kwa kibao cha uwezo, kwa sababu sijaona kitu kingine kwenye foklifti kinachosomwa vibaya kama hicho. Kibao kikiandikwa kilo 2,500, karibu kila mwanafunzi husema mashine inabeba kilo 2,500, na hapo huishia. Maneno yanayofuata, kwamba uzito huo ni kwa umbali wa milimita 500 kutoka uso wa uma hadi kitovu cha uzito wa mzigo, hupitwa kama maandishi ya mapambo. Ndipo ninapochora ubaoni kasha lenye urefu wa mita 1.4 na uzito wa kilo 2,300, nikauliza kama tutalibeba. Wote hukubali. Tunapiga hesabu pamoja: foklifti hufanya kazi kama mizani ya sokoni, egemeo lake likiwa ekseli ya mbele, na tuseme kutoka ekseli hiyo hadi uso wa uma ni milimita 450. Mzigo wa kibao uko milimita 950 kutoka kwenye egemeo, na 2,500 mara 950 ni 2,375,000. Kitovu cha kasha letu kiko milimita 700 kutoka uso wa uma, kwa hiyo milimita 1,150 kutoka kwenye egemeo. Tukigawanya, tunapata takriban kilo 2,065. Kasha la kilo 2,300, ambalo dakika tano zilizopita lilikuwa jepesi, sasa linatishia kuinua magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo magurudumu yanayoongoza mashine. Huwaonya pia kwamba hesabu hii ni ya kuelewea tu. Ghalani, mwenye kauli ni kibao na jedwali la mtengenezaji, ambalo huzingatia pia urefu wa kunyanyua na kifaa chochote kilichoongezwa mbele.

Hesabu hiyo huwanyamazisha hata wale walioingia na majivuno, lakini kuna somo jingine linalowaudhi waziwazi. Foklifti yenye magurudumu manne haisimami juu ya pembe nne. Ekseli yake ya nyuma huning'inia kwenye pini moja katikati, kwa hiyo uimara wake ni wa pembetatu, yenye pembe mbili kwenye magurudumu ya mbele na moja kwenye pini hiyo ya nyuma. Bila mzigo, kitovu cha uzito hurudi nyuma, kuelekea pale pembetatu inapokuwa nyembamba. Maana yake ni kwamba foklifti tupu inayokata kona kwa kasi ni rahisi kulala ubavu kuliko wengi wanavyodhani, na ni tupu ndiyo watu huikimbiza, kwa kuwa hawana cha kudondosha. Hapo ndipo mkanda wa kiti unapoacha kuwa usumbufu. Mashine ikianza kulala, silika humwambia dereva aruke, na akiruka huangukia upande uleule ambao paa la chuma linakuja. Tunamfundisha abaki kitini, ashike usukani kwa nguvu, akaze miguu na ainamie upande usiolala. Tunalifanyia mazoezi jambo hilo mashine ikiwa imezimwa, tena na tena, ingawa wanafunzi huona haya kuegemea upande mmoja kwenye mashine iliyosimama huku wenzao wakitazama.

Wenzao hao wanaotazama ni suala linalonichukua muda mwingi kuliko ufundi wote niliokwisha kuueleza. Kikundi kina watu kadhaa na mashine ni moja, na kituo kisichojali huwaacha wanaosubiri wakae kivulini na simu zao. Sisi tumewapa kazi. Mmoja husimama ndani ya eneo salama akiwa na karatasi, na huandika kila mahali dereva alipopaswa kutazama na hakutazama: nyuma kabla ya kurudi, juu kabla ya kunyanyua, pembeni pale mkia wa mashine unapofagia wakati wa kukata kona. Haruhusiwi kumkosoa dereva kwa sauti. Humsomea karatasi baadaye. Mwanzoni karatasi hizo zilipendekezwa ili kuwazuia wasizurure, lakini faida yake imegeuka kuwa kubwa zaidi. Mtu aliyemwandika mwenzake kwamba hakutazama nyuma, akipanda yeye, hugeuza shingo hadi mabega yafuate.

Kundi gumu kuliko yote ni la madereva wazoefu wanaoletwa na waajiri wao kupata cheti cha kazi ambayo wamekuwa wakiifanya. Wiki hii alikuwapo mzee mmoja mpole, mwenye mikono ya dereva hasa, ambaye aliokota paleti (kitanda cha mbao cha kuwekea mzigo) na kuipanga juu ya rafu bila kusugua hata ubao. Tatizo lilikuwa katika safari ya katikati: alisafiri na mzigo ukiwa usawa wa kifua.

"Mzee wangu," mkufunzi akamwambia, "naomba uushushe kabla ya kuondoka."

"Mwalimu, nikiushusha nitaunyanyua tena kule mwisho. Si kupoteza muda huko?"

Hoja yake haikuwa ya kijinga, kwa kuwa alikuwa amefundishwa na ghala lenye haraka na kupongezwa kwa haraka hiyo. Mkufunzi hakubishana naye. Alimwomba asafiri kwa mwendo wa polepole na uma ukiwa sentimita 15 kutoka sakafuni, mlingoti umelazwa nyuma kidogo, kisha afunge breki. Halafu akaweka paleti tupu badala ya mzigo, akamwomba arudie mwendo uleule na uma ukiwa juu. Kiti kilivyomtikisa mara ya pili kilimweleza kuliko maneno. Hata hivyo, hadi Ijumaa mkono wake ulikuwa bado ukijisahau, na sishangai, kwani mazoea ya miaka huwa hayasikilizi hoja. Mgeni asiyejua lolote hufika pale tunapomtaka mapema zaidi, ila waajiri hawaniamini ninapowaambia hivyo, na huendelea kuomba kozi fupi kwa ajili ya "wale wanaojua tayari."

Jumatano ni siku ya tela, na hapo uwanja hujaa koni. Tunaanza kwa kuunganisha kichwa cha lori na tela, kwa sababu kosa la hapo huonekana barabarani, mbele ya watu wengine. Dereva hurudi nyuma moja kwa moja hadi karibu na tela, husimama, hushuka, na kuangalia kimo: sahani ya tela inapaswa kuwa chini kidogo kuliko ile ya kichwa ili inyanyuliwe kidogo inapoingia; ikiwa juu mno, pini ya tela inaweza kupita juu ya taya za kichwa zinazopaswa kuishika, na dereva akadhani amefunga. Baada ya kusikia mlio wa kujifunga, huweka gia ya chini na kuvuta mbele taratibu, breki za tela zikiwa zimekaza. Kuvuta huko hakutoshi. Ni lazima ashuke na tochi, aingize kichwa chini na aone kwa macho yake kwamba taya zimeikumbatia pini na kwamba sahani mbili hazina nafasi kati yake; ndipo aunganishe mipira ya upepo na waya wa taa, na mwisho anyanyue miguu ya tela. Wanafunzi hupenda mlio kuliko tochi. Kila wiki namwona mmoja akisikia ule mlio, akatabasamu na kwenda moja kwa moja kuzungusha mkono wa kunyanyulia miguu.

Kisha inakuja kurudi nyuma, zoezi linalofanya watu wazima wenye familia zao watamani kulia. Tela huenda kinyume cha usukani, na ubongo hukataa. Mbinu tunayoianza nayo ni ya zamani: shika usukani kwa chini, na mkono wako uusogeze kule unakotaka mkia wa tela uende. Hiyo huondoa kinyume, lakini haiondoi tatizo la pili, ambalo ni kuchelewa. Mwanafunzi hukata usukani, haoni mabadiliko, hukata zaidi, na tela linapoanza kujibu huwa amekwisha kukata kupita kiasi. Pembe hujikunja na kichwa kikaanza kulitafuta tela. Hapo hakuna usukani wa kukuokoa. Kinachotakiwa ni kusimama, kwenda mbele hadi mstari unyooke, na kuanza upya, jambo ambalo wanafunzi huliona kama kushindwa na hivyo hulikwepa hadi dakika ya mwisho. Kwa sababu hiyo, katika mazoezi yetu kwenda mbele kujinyoosha hakukatwi alama, na kushuka kuangalia nyuma hakukatwi alama pia. Kinachokatwa alama ni kuendelea kurudi huku huoni kitu.

Mteremko hatuna wa kutosha uwanjani, kwa hiyo barabara ya nje ndiyo darasa lake, mkufunzi akiwa kiti cha pembeni. Kanuni inaelezwa kabla ya kuondoka: nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo lori linaloshuka kwa kilomita 80 kwa saa lina nishati mara nne ya lilelile likiwa na kilomita 40. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto hupunguza nguvu ya kushika hata kama upepo umejaa. Gia huchaguliwa kileleni, kabla ya mteremko kuanza, na breki ya injini ndiyo inayofanya kazi kubwa, pedali ikisaidia kwa vipindi. Wanafunzi waliozoea magari madogo hutaka kubadili gia katikati ya mteremko, na mkufunzi wetu wa barabarani, ambaye ni mtu wa maneno machache, huwa tayari na neno moja tu la kuwazuia.

Alhamisi huwa ya simu. Mwajiri anataka dereva wake atoke siku moja mapema kwa sababu mzigo unamsubiri, mwingine anauliza kama inawezekana mtu akafanyiwa mtihani tu bila mafunzo, wa tatu ana dereva ambaye mafunzo yake ni ya foklifti ya kawaida na anataka cheti kitaje pia ile ya rafu ndefu, kwa hoja kwamba "zote si foklifti?" Huwajibu wote kwa adabu, na jibu haliwi lile wanalolitaka. Mashine ya rafu ndefu ina kitovu kingine cha uzito, mwonekano mwingine na hatari nyingine, na mtu aliyeizoea moja hupanda nyingine akiwa na uhakika usio na msingi. Katika simu hizi ndipo saa za usukani zinapoibwa kwa ustaarabu zaidi: hakuna anayesema apunguziwe mafunzo, kila mmoja anaomba tu "kubana ratiba kidogo." Kituo kinachokubali maombi hayo hupata wateja wengi, na sijifanyi kwamba halinigusi mfukoni.

Ijumaa ni mtihani. Mtahini wa vitendo si yule aliyemfundisha mwanafunzi, na utaratibu huu siulegezi hata tukiwa na upungufu wa watu, kwa sababu mkufunzi aliyekaa na mtu wiki nzima huona jinsi alivyoendelea, wakati mtihani unapaswa kuona anavyoendesha. Yapo makosa ya alama na yapo makosa ya kusimamisha mtihani papo hapo: kupitisha mtu chini ya uma ulionyanyuliwa, kushuka mashine ikiwa na uma juu, kutovaa mkanda, kushuka mteremko na mzigo ukiwa mbele. Wiki hii kijana mmoja, aliyekuwa bora kuliko wote katika kupanga paleti, alishuka haraka kwenda kunyoosha paleti iliyokaa upande, akaacha uma ukiwa juu na injini ikiunguruma. Alijua kosa lake kabla miguu haijagusa sakafu. Mtihani ulisimama, naye akauliza kama inawezekana kuhesabu yale yaliyotangulia, ambayo kwa kweli yalikuwa mazuri. Haikuwezekana.

Mzee wetu naye alifanya mtihani siku hiyo. Alisafiri na mzigo chini safari zote isipokuwa moja, akajishtukia katikati ya njia, akasimama, akaushusha na kuendelea. Mtahini aliniuliza baadaye kama kusimama huko kunahesabiwa kosa. Tulisoma fomu pamoja: alama zilikatwa kwa mwendo wa awali, si kwa kujirekebisha, na alifaulu kwa tofauti ndogo. Mwajiri wake alitaka kujua kwa nini alama zake ni za chini kuliko za mgeni asiyewahi kufanya kazi ghalani, nami nikamtumia karatasi za wenzake waliokuwa wakimwandika, siku kwa siku, ili aone mwenyewe zilivyopungua.

Jumamosi hakuna wanafunzi. Fundi hubaki na mashine iliyokataliwa Jumatatu, mimi nabaki na fomu na ratiba ya wiki inayofuata. Kijana wa Ijumaa nimempangia Jumanne mchana, baada ya mazoezi ya asubuhi, na kwenye karatasi yake nimeandika zoezi moja tu: kuegesha na kushuka. Atalifanya kwa mashine ile iliyokataliwa Jumatatu, kwa sharti kwamba fundi awe amekwisha kubadilisha mpira wa haidroli uliokuwa ukivuja; la sivyo, atatumia ya pili, na kikundi kipya cha Jumanne kitahamia kwenye breki za upepo hadi alasiri.